Mzee Felisiani na Kifundo cha Mchi

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1982, Mzee Felisiani Kapele, fundi mkerezaji wa karakana yetu hapa Sumbawanga, anavua ovaroli lake baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Aliingia kazini mwaka 1951 akiwa kibarua wa kuzungusha jiwe la kunolea. Anatoka akiwa fundi ambaye hakuna chombo cha maji katika mkoa huu, kuanzia bomba la kijiji hadi tangi la mjini, ambacho hakina kipande kilichopita mikononi mwake.

Nimeombwa niandike habari zake kwa ajili ya jarida letu. Wenye elimu kunizidi wapo wengi, ila Ndugu Katibu wa Tawi alisema aandike yule aliyebishana na Mzee kuliko wote. Basi ni mimi. Wasomaji mnivumilie. Mtoto wangu wa pili anaota meno, na baadhi ya mistari hii imeandikwa kwa mkono mmoja.

Mzee Felisiani ni mwenyeji wa Kaengesa. Hesabu alifundishwa misheni, na ukereza alijifunza kwa kuangalia. Mkoa wetu ulipozaliwa mwaka 1974 na watu wakahamia vijiji vya Ujamaa, kila kijiji kilitaka bomba, na kila bomba lilitaka kiungo ambacho dukani hakikuwepo. Mzee alikereza viungo hivyo kwa shaba ya vyuma chakavu. Alikereza mipini, magurudumu ya toroli, na miguu ya vitanda vya wodini. Lakini kazi itakayobaki midomoni mwa watu ni ndogo kuliko hizo zote, ndogo kiasi cha kuingia kiganjani. Nayo ni vifundo vya Mbwa.

Kwa wasiojua, Mbwa ni jina tulilowapa wenyewe zile mashine za kutafutia chuma kilichofukiwa ardhini. Tulizipokea kutoka kwa wafadhili ili tutafute mabomba ya zamani ambayo ramani zake hazijulikani zilipo. Mashine ina sahani chini, fimbo katikati, na juu kuna kisanduku chenye vifundo vya kuzungusha, kama vile vya redio unapotafuta stesheni. Unavaa hedifoni, unapitisha sahani juu ya ardhi, na chini kukiwa na chuma inalia. Ndiyo maana ya Mbwa.

Vifundo vilivyokuja nayo vilikuwa vya plastiki nyeusi. Vilivunjika vyote katika safari moja ya Landrova. Tuliomba vingine, tukajibiwa kwamba fedha za kigeni hakuna. Mzee alikaa na kile kisanduku mbele yake kama mtu anayemsubiri mgonjwa aseme panapouma, kisha akakata mti wa mninga na kuanza kukereza.

Hakutengeneza vifundo vya namna moja. Alimshika mtu mkono kwanza, akaukunja vidole, akaupima kwa uzi. Ndugu Dominiko, mshika mashine wetu wa kwanza, alipoteza ncha ya kidole kwenye msumeno. Mzee alimtengenezea kifundo chenye sikio pembeni, asukume kwa kiganja. Dominiko akasema, "Sasa Mbwa ananishika mkono yeye." Karakana nzima ilicheka.

Huyu Dominiko ndiye wa ile habari ya katambuga, na sitaiacha. Tulipokuwa tunatafuta bomba la Kaengesa, mashine ililia kila hatua, na vijana wakachimba kila ilipolia. Mashimo yalijaa shamba la watu, bomba hatulioni. Mzee alifika, akasimama, akatazama chini. Viatu vya Dominiko vilikuwa vya matairi, vimepigiliwa misumari. Mbwa alikuwa analilia miguu ya bwana wake. Mzee hakumgombeza. Alimwambia tu, "Vua, baba, tulijue bomba na tukujue wewe." Dominiko alimaliza kazi ile pekupeku, na wenye shamba wakapata mashimo ya kupandia migomba bila kuomba.

Tangu hapo Mzee akawa mkali wa vyuma. Dominiko alipohamishiwa kwenye pampu, mashine nilipewa mimi, na wakati huo nilikuwa na mwanangu Suma mgongoni, mchanga bado. Mzee aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. Akataka nitoe pini za nywele. Nikatoa. Akauliza nepi ya mtoto imefungwa na nini. Nikasema pini. Akasema haiwezekani. Siku ya pili alikuja na pini aliyoichonga kwa pembe ya ng'ombe, laini kama jino, haina ncha ya kumchoma mtoto. Ndivyo alivyo Mzee. Anakukataza jambo, kesho anakuletea la kuweka mahali pake.

Sasa niseme tulipobishania.

Ardhi ya Ufipa si ardhi ya kawaida kwa mashine ya namna hii. Wazee wa huku waliyeyusha chuma tangu zamani kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo, na mabaki yake yametapakaa kila mahali. Wenyewe wanayaita mavi ya chuma, mtaniwia radhi. Mbwa huyalilia hayo kama anavyolilia bomba. Ili kumtuliza, unazungusha kifundo cha kusawazisha hadi sauti ya ardhi izame, ibaki ya chuma kizima tu.

Mzee alijua mahali pa kila udongo. Akakata mikato kwenye ukingo wa kifundo: wa kwanza kwa udongo mwekundu, wa pili kwa mchanga, wa tatu kwa ardhi ya malungu. Akafunga kipande cha spoki ya baiskeli kinachoingia kwenye mkato na kulia "tak". Kifundo kikishaingia, hakitoki hadi ukilazimishe. Alikipenda kifundo kile. Wageni wa kutoka Mkoani walipofika karakana alikionyesha kabla ya kuwapa viti.

Mimi kilinifunga mkono. Nilimwambia, "Mzee, ardhi nyingine inatulia katikati ya mikato. Toa hii spoki, niache nisikilize." Akanijibu, "Mama Suma, mkono wako unatetemeka kwa usingizi. Mkato hauna usingizi." Nikamwambia mkato hauna masikio pia. Aliondoka bila kuaga, na kwa siku kadhaa tulisalimiana shikamoo na marahaba tu, bila zaidi.

Ndipo ikaja Februari ya mwaka jana.

Wengi mnaikumbuka. Mvua ilikuwa haikatiki, na ugonjwa wa kuhara ulikuwa umejaza wodi. Bomba kuu likapasuka bondeni, chini ya maji ya mafuriko, mahali ambapo fundi hawezi kufika. Maji yote ya tangi yakawa yanamwagikia huko, na bomba la kwenda hospitali likakauka. Dawa yake ilikuwa moja: kufunga valvu, ile koki kubwa ya bomba kuu, iliyoko Kizwite. Ukiifunga, bonde linakatwa na maji yanapanda hospitali. Lakini kifuniko cha valvu kilifukiwa miaka ya nyuma barabara ilipochongwa, na hapakuwa na mtu aliyekumbuka ni wapi.

Mke wa Mzee, Mama Luciana, ni mfanya usafi wa wodi ile. Alikuwa hajarudi nyumbani tangu ugonjwa uanze, kwa kuwa waliokuwa ndani hawakuruhusiwa kutoka. Asubuhi hiyo alimtuma dereva wa lori la maji na neno kwa mumewe, ambaye nyumbani anaitwa Baba Zita: "Mwambieni Baba Zita ndoo zinaisha, na sisi tunanawa kwa zamu." Mzee alilisikia neno hilo mbele yetu sote. Alifunga sanduku lake la vifaa na kupanda gari.

Kizwite tulilikuta tingatinga limekwisha fika. Mhandisi wetu, Ndugu Mbonile, alikuwa amesimama kwenye matope bila koti. Akasema, "Mzee, shikamoo. Nimepewa hadi saa tisa. Tusipoipata, tingatinga linafumua barabara yote. Baada ya hapo si mimi tena, ni Mkoa." Wote tulijua maana yake. Bomba lile ni la zamani, saizi yake haipatikani nchini. Blade, lile jembe pana la mbele ya tingatinga, ikiligusa, si hospitali tu, mji mzima unakauka, na sijui hadi mwezi gani.

Sehemu ile ya Kizwite ilikuwa na malungu zamani. Mzee akaweka kifundo kwenye mkato wa tatu. Tak. Nikatembea. Mashine ikawa kimya barabara nzima, kisha karibu na mtaro ikapiga kelele kali. Mzee akapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe. Walichimba kwa kupokezana, Dominiko aliyeitwa kutoka kwenye pampu akiwemo, Ndugu Mbonile naye akavua viatu na kuingia shimoni. Asubuhi nzima iliishia hapo. Walipofika chini walikuta rundo la mavi ya chuma, meusi, yenye vitundu, mengi ya kujaza toroli.

Dereva wa tingatinga aliwasha mashine yake ipate moto. Suma alikuwa analia mgongoni, nami sikuwa na la kumpa.

Mzee aliokota pande moja, akaligeuzageuza. Akasema, "Hii kazi ya babu zangu. Wamenishinda." Watu wawili walicheka, kisha wakanyamaza kwa sababu yeye hakucheka. Akanigeukia. "Binti yangu, ulisema nini kuhusu katikati?"

Nikamwambia tena. Udongo umelowa majuma mengi: mkato wa tatu unauzamisha pamoja na chuma kizima, wa pili unauacha ulie. Unatulia katikati, na spoki hainiachi nikae hapo.

Hapo ndipo nilipomjua Mzee Felisiani ni mtu wa namna gani. Alikichomoa kifundo chake, kile cha kuonyesha wageni, akang'oa spoki kwa koleo, akakalia sanduku lake na kuisaga mikato yote kwa tupa. Unga wa mninga ukamdondokea magotini. Alipomaliza kilikuwa laini kabisa. Nikakijaribu. Kikawa kinateleza: ukikigusa kwa unywele, sauti inaruka kutoka kimya hadi kelele.

Ndugu Mbonile akasema, "Ni chembamba. Kikiwa kipana, mkono utasogea sana na sauti itabadilika kidogo." Mzee akamtazama, akasema, "Kweli, mwanangu. Nipe mti." Lakini mti uko karakana, na lori limekwenda na ndoo hospitali.

Sote tukasikia du, du, du. Ng'ambo ya barabara Bibi Kalista alikuwa anatwanga mahindi barazani. Mzee akavuka.

"Dada Kalista, naomba mchi."

"Utautumia kufanya nini?"

"Kuukata."

"Felisiani, umechanganyikiwa? Nitwange kwa kiwiko?"

"Nakata kichwani tu. Luciana yuko ndani kule, na maji hakuna."

Bibi Kalista alimtazama, akautazama mchi wake. "Kata. Lakini upande ule, siyo huku ninakoshika. Na usiponiletea mwingine nitakuja kutwanga kichwani kwako karakana, mbele ya wakubwa zako."

Alikata kipande kinene kama andazi. Akakitoboa kwa keekee, akakizungushia tupa ukingoni kidogo tu, mkono wangu usichubuke. Akakishika kiganja changu kama alivyofanya siku ya kwanza, akapima, akasaga tena. Kilipovikwa kwenye kijiti cha mashine kilicheza, kwani tundu lilikuwa pana. Akatafuta cha kukazia. Msumari hakutaka. Akatazama mgongoni kwangu. "Mama Suma, nikopeshe pini." Akaichomoa ile pini ya pembe kwenye nepi, akaikata kipande, akaigongomea. Kifundo kikakaza. Suma alifungwa fundo la kitambaa, na sitasema mgongo wangu ulifikaje jioni.

Saa tisa ilikuwa imekaribia. Nilivaa hedifoni. Nilizungusha kifundo cha mchi polepole sana, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaisikia ardhi inazama, inazama, hadi ikabaki kama mtu anayepumua chumba cha pili. Ndugu Mbonile akaniambia, "Valvu ni nzito. Usitafute sauti kali. Tafuta sauti pana." Nikatembea. Sauti ya mavi ya chuma ilikuwa inakatikakatika kama mtu mwenye kwikwi. Nikayapita. Kisha ikaanza nyingine, ya chini, inayojaa, na kila hatua ikazidi. Nilinyanyua kichwa. Nilikuwa nakwenda moja kwa moja kwenye tingatinga.

"Anasikia tingatinga!" mtu akapiga kelele. "Chuma chote kile, hata mimi nasikia!" Dereva akatoa kichwa. "Saa imefika. Tokeni mbele."

Blade ikashuka hadi chini. Mzee alikwenda akasimama mbele yake. Hakunyanyua mikono, hakupiga kelele. Alisimama tu na tupa mkononi. Akasema, "Ndugu Mbonile, mwambie arudi nyuma. Kama ni tingatinga linalolia, sauti itaondoka nalo. Kama si lenyewe, itabaki."

Nami nataka iandikwe hapa kwamba Ndugu Mbonile angeweza kukataa na asilaumiwe na mtu. Alitazama saa yake, akaivua, akaitia mfukoni. "Rudisha nyuma," akamwambia dereva. "Nyuma kabisa, hadi kwenye kona."

Lilirudi. Kelele ya injini ilipopungua nilishusha sahani mahali pale lilipokuwa limesimama, matope yakiwa na alama za minyororo. Sauti ilikuwa palepale. Pana, nzito, haikatiki. Nikapiga mguu chini: hapa.

Walikipata kifuniko kabla jasho halijawatoka, mahali ambapo blade ingeanzia kazi yake. Valvu ilikuwa na kutu. Mzee, Dominiko na Ndugu Mbonile waliing'ang'ania spana moja, wote watatu, hadi ikageuka. Dominiko akatumwa hospitali kwa baiskeli. Tulikaa pembeni ya barabara tukimsubiri hadi Suma akalala. Aliporudi alikuwa anapiga kengele tangu mbali. Akafikisha maneno ya Mama Luciana kama yalivyo: "Mwambieni Baba Zita yametoka. Mekundu, lakini yametoka."

Mzee aliinama, akaanza kufuta tupa yake kwa kitambaa. Aliifuta muda mrefu. Halafu akasema, "Haya. Nina deni la mchi."

Mchi mpya alimkerezea Bibi Kalista juma lile lile, wa mti mzuri, una pete mbili za urembo. Bibi anasema ni mzito mno na mzuri mno, ameuweka ndani. Mpaka leo anatwanga kwa ule mfupi, na anayepita pale barazani lazima aonyeshwe palipokatwa.

Tangu siku hiyo Mzee hakukata tena mkato kwenye kifundo chochote. Vifundo vyote alivyovitengeneza baada ya hapo, na vimekwenda hadi mikoa ya jirani, ni vipana na laini. Mgeni mmoja alimuuliza alama ziko wapi. Akajibu, "Muulize anayeshika."

Karakana yetu inamshukuru kwa viungo, mipini, na magurudumu yote. Inamshukuru kwa vijana aliowafundisha bila kuwatukana. Mama Luciana tunamshukuru kwa namna yake, maana yaliyokuwa ndani ya wodi ile siku zile anayajua yeye. Mimi namshukuru Mzee kwa jambo moja: siku nilipokuwa sahihi, hakunifanya nijutie kuwa sahihi.

Mzee Felisiani, unakwenda Kaengesa kwenye shamba lako la ulezi na wajukuu wako. Kifundo cha mchi kinabaki kwenye mashine, na pini ya pembe ndani yake. Suma haihitaji tena, anavaa kaptula. Wenzako tumechanga tukakununulia redio. Ilikuwa ya mwisho dukani, na kifundo chake cha kutafutia stesheni kimevunjika. Vijana walitaka kukutengenezea. Tumewakataza. Huo mkono wako tunaujua, hautakaa siku mbili bila kitu cha kupima.

Nenda kwa amani, Baba. Mvua ikunyeshee kwa kiasi, na jioni redio ikusomee habari njema. Mbwa usimfikirie. Tutamlisha sisi.

Imeandikwa na Atusaye Mwaisumo (Mama Suma), mshika mashine, kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana.